Neno "Au" na Njia ya Kuufikia Uwakili

Kila yatangazwapo matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, wazazi wa Njoro, Bahati na Molo hunijia na swali moja: je, alama hizi zamtosha mtoto kusomea sheria? Sina ugomvi na ndoto hiyo. Ila wote huuliza habari za alama na karo. Sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza habari za lugha. Nami nadai kwamba njia nzima ya uwakili imejengwa juu ya lugha, na mara nyingine juu ya neno moja dogo: "au".

Tuitazame njia yenyewe. Kabla ya 1970, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha sheria, Mkenya aliyetaka shahada hiyo alikwenda Dar es Salaam au ng'ambo. Leo kijana wa Nakuru aweza kuisomea karibu na kwao, Kabarak au Egerton. Lakini shahada hiyo ya miaka 4 haimfanyi mtu wakili. Humngojea Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi. Mitihani ya masomo 9 isimamiwayo na Baraza la Elimu ya Sheria. Na miezi 6 ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu. Ndipo aapishwe mbele ya Jaji Mkuu.

Wengi wamekwama mlangoni pa Karen. Sheria ya chuo hicho ya 2012 ilitaja wastani wa C+ katika kidato cha nne, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Vijana walioanzia stashahada wakapanda hadi shahada walikataliwa kwa sababu ya alama zao za shuleni, nao wakaenda mahakamani. Sehemu kubwa ya ubishi ilihusu "au" iliyo kati ya vifungu viwili. Je, inavitenga, hata mwenye shahada ya chuo kikuu cha Kenya asiulizwe tena alama za shuleni? Au vyote viwili vyamhusu kila mwombaji? Majaji hawakuwa na kauli moja. Miaka ya ujana wa watu ilining'inia kwenye kiunganishi. Kwa hiyo, mwanafunzi, kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kwamba chuo chako kina kibali cha Baraza, na uulize masharti ya Karen yaliyopo sasa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga. Na karo ya miaka 4 ni zaidi ya kidole.

Sasa turudi kwenye ile "au" nyingine: Kiingereza au Kiswahili. Hapo lugha hizi mbili zimesimama sawa. Mwenye B ya Kiswahili ana haki ileile ya mwenye B ya Kiingereza, na mwalimu amwambiaye kwamba Kiswahili "hakikupeleki popote" anampotosha. Hata hivyo, aingiapo darasani hukuta mihadhara, vitabu na mitihani vyote ni vya Kiingereza. Lugha iliyomfungulia mlango haina kiti chumbani.

Hasara hiyo si ya mwanafunzi pekee. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai yaruhusu mahakama za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili. Mteja atakayemlipa wakili wetu ni mkulima wa Molo mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba, au kibarua wa mashamba ya maua ya Naivasha aliyefutwa kazi. Atasimulia shida yake kwa Kiswahili. Wakili asiyejua kutofautisha kwa Kiswahili dhamana na faini, wosia na hati ya kiapo, atamtetea mtu asiyemwelewa vizuri, na mteja ataondoka mahakamani akimuuliza karani kama ameshinda au ameshindwa. Naam, Katiba humpa mshtakiwa mkalimani bila malipo; lakini mkalimani hufasiri yasemwayo, hashauri.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Tanzania ilibadilisha sheria yake 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Kazi hiyo haijawa nyepesi huko, kwani hukumu nyingi za zamani zimeandikwa kwa Kiingereza. Lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa, hazikomai kabatini.

Siombi Kiingereza kifukuzwe; wakili asiyekijua hatasoma hukumu za rufaa. Naomba somo moja la lazima la Kiswahili cha sheria katika vitivo vyetu, na jingine Karen: kuhoji mteja, kuandika mkataba, kueleza hukumu. Walimu wa Kiswahili nao wawaambie wanafunzi wao waziwazi kwamba B hiyo ni ufunguo halali. Na wewe unayejaza fomu ya chuo kikuu, kwanza jipime: je, waweza kuisoma sentensi mara tatu ukitafuta ilichokificha? Ikiwa kazi hiyo yakuchosha, uwakili utakuchosha zaidi.