Kamba wa leo, barafu ya lini?

Jumamosi iliyopita nilipitia soko moja la samaki hapa Dar. Nilikuwa na hamu ya kambamiti, na mshahara ulikuwa bado una joto mfukoni. Nikamuuliza mchuuzi: "Hawa wa leo?" Akanitazama kama vile nimemtukana. "Wa leo hao kaka, huoni barafu?" Nikaiona barafu, nikalipa.

Nyumbani mama akafungua mfuko, akamshika mmoja kichwani. Kichwa kikabaki mkononi, kiwiliwili kikaanguka kwenye beseni. Akanusa wengine. "Mwanangu, huko chuo kikuu walikufundisha nini?" Kilo 2 zikaenda jalalani.

Jamani, kosa langu lilikuwa moja: niliiamini barafu. Barafu haimrudishi kamba kwenye ubichi, inamchelewesha tu kuharibika. Tena inamchelewesha ikiwa ya kutosha. Kamba aliyekaa kwenye nyuzi joto 10 huharibika kwa kasi ya takriban mara 4 ya yule aliyekaa kwenye nyuzi 0. Kwa hiyo vipande vichache vilivyorushwa juu ya deli ni mapambo. Kwa joto letu hili, wataalamu hushauri karibu kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya kamba, wapangwe tabaka kwa tabaka, na maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea.

Mama hana maabara, lakini vipimo vyake ni vya kisayansi kabisa. Kichwa hulegea mapema kwa sababu tezi ya kusaga chakula imo humo, na kamba akishakufa, vimeng'enya vyake huanza kumsaga mwenyewe. Harufu ya amonia ni kazi ya bakteria. Maabara nazo hupima hayohayo: jopo la watu hunusa na kutoa alama, kisha mashine hupima nitrojeni inayotokana na amonia na jamii yake.

Vipi kuhusu weusi unaoanzia kichwani? Huo hausababishwi na bakteria. Ni kimeng'enya kinachokutana na hewa, kama tufaha lililokatwa linavyobadilika rangi. Wenyewe si sumu, ila ni dalili kwamba siku zimepita. Lakini angalia: kuna dawa ya salfaiti inayozuia weusi huo. Kamba anaweza kung'aa huku ni mzee, na salfaiti inaweza kumletea mwenye pumu shida ya kupumua. Ndiyo maana Ulaya chakula chenye zaidi ya miligramu 10 kwa kilo lazima kiandikwe kwenye pakiti.

Hapo ndipo ninapokasirika. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 likaja zuio jingine, la samaki wa Ziwa Victoria, kwa sababu ya viuatilifu. Tulishtuka, tukaimarisha ukaguzi. Leo kamba anayepanda ndege ana karatasi zake. Anayebaki kwa mama lishe na kwa walaji wa mitaani ana neno la mchuuzi tu. Hivi tumbo la Mzungu lina thamani kuliko la mtu wa Mbagala?

Sidai kila meza iwe na maabara. Nadai kitu cha bei ya kalamu: kila deli liandikwe tarehe kamba walipotiwa kwenye barafu, na viongozi wa mwalo wahakikishe. Najua mtu atasema wachuuzi wataandika uongo. Inawezekana. Lakini uongo ulioandikwa unaweza kuufuatilia, "wa leo hao kaka" huwezi. Na simlaumu mchuuzi peke yake. Barafu ni ghali, na akitupa mzigo hakuna anayemfidia. Tarehe itamsaidia naye: mwenye kamba wa kweli wa leo atauza bei ya leo, mwenye wa juzi ashushe.

Mpaka hapo, fuata maabara ya mama: shika kichwa, bonyeza nyama, nusa. Ukinusa bahari, lipa. Ukinusa choo, aga kwa heshima uondoke.

Nawasilisha.