Kujitegemea Kuanze Utotoni

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufunza kujitegemea. Mkoani Simiyu, ambako kilimo cha pamba huwatoa wazazi nyumbani alfajiri, funzo hilo halina budi kuanzia katika vituo vya kulelea watoto mchana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumvunjia heshima mtoto mwenye ulemavu. Nasi twaona kwamba huruma inayomlisha mtoto awezaye kushika kijiko humvunjia heshima vilevile. Apewe kijiko chenye mpini mnene, ndoo isiyomzidi kimo, na muda wa kutosha. Anawe, ale na kuvaa mwenyewe pamoja na wenziwe. Viongozi wa Bariadi, na wetu wa visiwani, wasihesabu majengo tu. Wahesabu pia watoto wanaojifunga vifungo wenyewe. Samaki mkunje angali mbichi.