Amplifaya ya sebuleni: wati ngapi zinatosha?

Wazazi wengi wakifika dukani huvutwa na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Namba ya PMPO ni ya kumvutia mnunuzi tu. Ya kutazama ni ile ya RMS.

Spika nyingi za nyumbani hutoa desibeli 88 hivi kwa wati 1, ukipimwa umbali wa mita 1. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu. Ndiyo maana kwa sebule ndogo, wati 30 hadi 50 kwa kila spika zinatosha na kubaki.

Amplifaya dhaifu nayo ina hasara yake. Ikifunguliwa hadi mwisho, sauti hukwaruza na spika ndogo ya sauti nyembamba huungua. Omu za spika nazo zisiwe chini ya kiwango kilichoandikwa nyuma ya amplifaya, isije ikapata moto ikafa.

Lakini kipimo cha mwisho ni masikio ya watoto. Ikiwa mama analazimika kupaza sauti ili asikiwe na mtoto aliyeketi pembeni yake, muziki umezidi. Upunguzwe, hata kama amplifaya bado ina nguvu.