Milima ya Uvira: kiangazi ni miezi mitatu tu, kazi ya njia isingoje mvua

Kila mwaka, mvua inapokatika kuelekea mwisho wa mwezi wa tano, njia zinazopanda kutoka Uvira kwenda Haut Plateau zinaanza kujaa watu. Wachuuzi wa ng'ombe wanashuka na mifugo, akina mama wanashusha maharagwe na viazi, wengine wanapanda na chumvi, sabuni na ndagala. Wote wanajua kwamba mlima unapandwa wakati wa kiangazi. Wakaaji hawana haja ya kufundishwa hilo. Wenye kazi ya kulinda njia, zahanati na shule ndio wanaopaswa kulikumbuka, kwa sababu kiangazi chetu ni kifupi.

Ziwa Tanganyika liko kwenye mita karibu 770 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Mitumba inainuka nyuma ya mji palepale, na upande wa Itombwe mlima Mohi unapita mita 3,400. Mtu anayetoka kando ya ziwa kwenda kijiji kilicho kwenye mita 2,500 anapanda zaidi ya mita 1,700 kwa miguu, tena mara nyingi akiwa na mzigo kichwani au mgongoni. Kwa kila mita 1,000 anazopanda, joto linapungua kwa nyuzi kama 6. Aliyeondoka Uvira akitokwa jasho anafika juu kwenye baridi, na kama mvua imemkuta njiani, nguo zilizoloa zinaweza kumwua usiku huohuo.

Ndiyo maana mwezi wa 6, wa 7 na wa 8 ni bora kuliko mingine yote. Udongo unakauka, miguu haitelezi, mito midogo inavukwa bila shida. Usiku kule juu ni wa baridi kali, lakini baridi ya kiangazi inavumilika kwa koti na blanketi. Mvua inarudi mwezi wa 9, inazidi kuongezeka, na mwezi wa 4 ndio unaoogopwa zaidi. Mwezi wa 1 na wa 2 mvua inaweza kupunguka siku kadhaa, lakini hakuna wa kuweka safari ya mgonjwa kwenye bahati hiyo. Hata ziwa halisaidii kila wakati: kiangazi hichohicho kinachokausha mlima kinaleta upepo wa kusini na mawimbi, na wenye mitumbwi wanalijua hilo vizuri.

Kule Tanzania, wageni wanaopanda Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, wanashauriwa kuja kati ya mwezi wa 6 na wa 10, au kati ya mwezi wa 1 na mwanzo wa mwezi wa 3. Mgeni akiona mvua anaahirisha safari. Mama wa Haut Plateau anayeshikwa na uchungu mwezi wa 11 hawezi kuahirisha. Atabebwa kwenye tipoyi na wanaume wanaopokezana, kwenye matope, na wakifika mtoni wakakuta maji yamejaa, watangoja ng'ambo. Hakuna takwimu inayohitajika ili kujua mwisho wa safari nyingi za namna hiyo.

Tena mvua ya mlimani haibaki mlimani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulishuka na mawe na matope ukaingia mjini. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba yakaharibika. Aliyekuwa amelala Uvira siku hiyo hakuwa amepanda mlima wowote. Mlima ndio uliomshukia.

Kuna watakaosema kwamba tatizo la kwanza la njia hizi ni bunduki, wala si mvua. Hawasemi uongo. Vita vimefukuza watu kwenye vijiji vingi vya milima ya Uvira, Fizi na Mwenga, na njia kavu inamfaa mwenye silaha sawa na mchuuzi. Lakini usalama usipokuwepo, msimu unapata uzito zaidi: anayekimbia na watoto usiku wa mvua anakabili hatari mbili kwa pamoja. Na mvua haiulizi kabila. Muvira, Mufuliiru, Mubembe, Munyindu na Munyamulenge wanateleza kwenye udongo mmoja.

Kwa hiyo kiangazi kiwe na ratiba yake. Mwezi wa 6, machifu na wakuu wa vijiji waitishe salongo ya kufyeka njia na kuchimba mifereji ya kutoa maji kando yake. Mwezi wa 7, madaraja ya miti yarudishwe kwenye mito inayojulikana kuua, na mawe yatolewe ndani ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira wakati maji ni machache. Mwezi wa 8, dawa za miezi ya mvua zipande zahanati, pamoja na chaki na vitabu, kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa 9. Akina mama wanaotazamia kujifungua katikati ya mvua watafutiwe mahali pa kungojea karibu na hospitali. Serkali ya jimbo nayo itoe pesa kabla ya kiangazi kuanza. Pesa inayofika mwezi wa 10 inakuta daraja limekwisha kwenda na maji.

Kwa atakayelazimika kupanda wakati wa mvua, yanabaki mashauri ya wazee: kuondoka alfajiri, kwa sababu mvua nyingi na radi huja baada ya saa sita za mchana, kutotembea peke yake, kufunga nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na kutovuka mto uliobadilika rangi, hata kama nyumbani kunaonekana ng'ambo. Mto wa mlimani unajaa haraka na unapungua haraka. Kungoja saa chache kumeokoa wengi.

Mashauri hayo yanamsaidia mtu mmoja kwa siku moja. Daraja lililojengwa mwezi wa 7 linavusha kijiji kizima mpaka kiangazi kingine.