Ukifuga kwa simu, kesi ni yako

Leo naongelea jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: ng'ombe wako mwenyewe anaweza kukupeleka mahakamani.

Hapa Rungwe kila mtu anajua kwamba ukimkata panga ng'ombe wa jirani kwa sababu kaingia kwenye shamba lako, hiyo ni jinai. Kanuni ya Adhabu inasema hivyo, na kijijini hakuna anayebisha. Lakini ng'ombe wako akishinda bila maji, akakonda mpaka mbavu zikahesabika, ukiulizwa unajibu: "Ni mali yangu, wewe inakuhusu nini?"

Inatuhusu. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo ukatili hauishii kwenye fimbo. Kumnyima mnyama chakula, maji, malazi au matibabu nako ni kosa, na adhabu yake ni faini, kifungo, au vyote viwili. Kumiliki mnyama hakukupi ruhusa ya kumtesa. Ndiko kunakokupa wajibu wa kumtunza.

Sasa niseme ninachokiona kazini. Ukatili mkubwa kwenye mabanda yetu ya ng'ombe wa maziwa hautoki kwa watu wenye roho mbaya. Unatoka kwa ufugaji wa simu. Bosi yuko Mbeya mjini au Dar, kanunua mitamba miwili ya Friesian chotara, kajenga banda, kaajiri dogo wa miaka kumi na tisa. Kila jioni anapiga simu kuuliza swali moja tu: "Leo zimetoka lita ngapi?" Hela ya pumba haitumi mpaka aombwe mara tatu. Daktari akihitajika, anasema subiri mwisho wa mwezi. Ng'ombe akianguka, dogo ndiye anayefokewa, anakatwa mshahara au anafukuzwa.

Mimi napinga hilo waziwazi. Dogo hawezi kununua chakula kwa hela ambayo hajapewa. Ndigana kali haisubiri mwisho wa mwezi, ikichelewa kutibiwa inaua ndani ya siku chache. Ikifika hatua ya kuulizana nani kamtesa huyu mnyama, mwenye mali awe wa kwanza kuulizwa. Dogo aulizwe kwa yale yaliyokuwa mikononi mwake: kama alimpiga, kama maji yalikuwepo na hakumpa.

Tuangalie mambo matatu ambayo wengi tunayachukulia poa.

La kwanza ni maji. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji lita 60 kwa siku na zaidi. Kiangazi majani yakipungua tunakata migomba, halafu tunasema "migomba ina maji." Kweli inayo, lakini haimtoshelezi, na protini yake ni kidogo sana. Tumbo linajaa huku mgongo unachongoka. Mvua zetu ni nyingi, paa la banda na tenki vinakuokoa hapo.

La pili ni tope. Ng'ombe anayelala kwenye tope la mvua na mavi, kwato zinaoza na kiwele kinapata maambukizi. Hilo ni suala la malazi, na malazi yamo kwenye sheria.

La tatu ndilo zito: ndama dume. Anazaliwa, anaonekana hasara, maziwa yote yanakwenda kwa mnunuzi, na yeye anaachwa afe taratibu kwenye kona ya banda. Ndama wa kilo 35 hadi 40 anahitaji kama lita 4 za maziwa kwa siku, na dang'a ndani ya saa chache za mwanzo. Kama humtaki, mpe dang'a, mkuze kidogo umuuze kwa anayenenepesha. Kama hata hilo hauliwezi, achinjwe na mtu anayejua kazi, mambo yaishe mara moja. Kumwacha afe njaa siku kumi usiite biashara.

Najua mtaniambia: "Afisa, ukianza na mahakama utawamaliza wafugaji wadogo." Hoja hiyo naiheshimu. Bibi mwenye ng'ombe mmoja ambaye kiangazi kimempiga anahitaji mbegu ya majani ya tembo au gwatemala na wa kumsaidia kukata. Kumpeleka polisi ni kumwonea. Ila tutofautishe asiye nacho na asiyetaka kutoa. Mwenye gari, mwenye duka mjini, aliyeonywa mara mbili na bado ng'ombe wake wanaanguka, huyo simwiti maskini. Tunapomaliza mambo yake "kindugu" kwenye ofisi ya kijiji, tunamlinda yeye na kumwacha mnyama.

Msimamo wangu ni huu: kwanza elimu, pili onyo la maandishi lenye tarehe ya kurudi kukagua, tatu sheria ifanye kazi. Jirani anayekuja kutoa taarifa kwa afisa mifugo asiitwe mchawi wala mmbea.

Wala msiseme haya ni mambo ya wazungu. Wazee wa Kinyakyusa walilaza ng'ombe ndani ya nyumba, wakapasafisha kila asubuhi, na ng'ombe ndio waliojenga undugu kupitia mahari. Aliyekondesha ng'ombe kwa uzembe hakuwa na la kujivunia mbele ya watu.

Wewe unayefuga ukiwa mbali, fanya hivi wiki hii. Tuma hela ya chakula kabla hujauliza lita. Mwachie dogo namba ya mtaalamu wa mifugo na ruhusa ya kumwita bila kukuuliza wewe. Akutumie picha ya ng'ombe kwa ubavuni na picha ya ndoo ya maji, kila siku. Na mara moja kwa mwezi panda gari uje uone kwa macho yako. Kama ratiba yako hairuhusu hata hiyo safari moja, uza hao ng'ombe kwa mtu aliye karibu nao.