Si kila kamati ya kanisa ni wito wa Mungu

Muumini mwenye bidii katika usharika wa mjini anajulikana kwa ratiba yake. Jumanne ana mazoezi ya kwaya, Alhamisi kikao cha kamati ya ujenzi, Ijumaa mkesha. Jumamosi asubuhi yuko kwenye jumuiya, na jioni kwenye kikao cha harusi ambako amepewa kazi ya mweka hazina kwa kuwa "ni mtu mwaminifu". Jumapili hatoki kanisani mpaka mnada wa kuku, mayai na mikungu ya ndizi uishe. Katikati ya mahubiri simu inatetemeka mfukoni: kundi la WhatsApp limetoa orodha mpya ya waliolipa ahadi na ambao bado.

Mtu huyo husifiwa sana. Akianguka kwa shinikizo la damu ataombewa, na kamati itamtafuta mwingine wa kushika daftari la michango. Ni nadra kusikia kiongozi akimwita pembeni na kumwambia apunguze.

Hapa ndipo makanisa mengi yamejichanganya. Yamefundisha vizuri kwamba wavivu watatoa hesabu mbele za Mungu, lakini hayajafundisha kwamba nguvu za mtu zina kikomo, na kwamba aliyeziumba anakijua kikomo hicho. Matokeo yake, kukataa jukumu lolote lenye jina la kanisa kunahesabiwa kuwa ni kupoa kiroho. Biblia inasimulia habari tofauti.

Sura ya kwanza ya Injili ya Marko inamwonyesha Yesu akiwa Kapernaumu. Jioni mji mzima umejaa mlangoni, naye ameponya wengi. Alfajiri, kukiwa bado giza, anatoka kwenda mahali pasipo watu kusali. Simoni na wenzake wanamfuata na habari kwamba kila mtu anamtafuta. Kwa hesabu za leo huo ni ushindi: watu wamejaa, jina limevuma, kazi ingalipo. Yesu anawajibu kwamba waende miji mingine ya jirani akahubiri huko pia, maana hilo ndilo lililomleta. Anaondoka huku watu wakiwa bado wanamhitaji. Ikiwa Mwana wa Mungu, akiwa katika mwili, hakuitikia kila aliyemwita, mwenyekiti wa kamati ya vyombo vya muziki naye anaweza kusamehewa.

Nehemia naye alijua kuchagua. Alipokuwa akijenga ukuta wa Yerusalemu, Sanbalati na Geshemu walimwalika kwenye mazungumzo katika bonde la Ono. Mwaliko ulikuja mara nne, na mara zote nne alijibu vilevile: ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Ukuta ulikamilika kwa siku 52. Wale walikuwa maadui, ndiyo. Lakini siku za kazi haziulizi zimeliwa na adui au na rafiki.

Mfano ulio mgumu zaidi ni wa sura ya sita ya Matendo ya Mitume, kwa sababu pale hapakuwa na hila yoyote. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Malalamiko yalikuwa ya haki na shida ilikuwa chakula. Mitume hawakukimbilia kugawa sahani, na hawakuwapuuza wajane. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, Stefano akiwa mmojawapo, wao wakabaki na maombi na neno. Muda mrefu kabla yao, Yethro alimkuta mkwewe Musa akiamua kesi tangu asubuhi hadi jioni, akamwonya kwamba atajichosha yeye na watu wake, kisha akamshauri aweke wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi.

Historia ya pwani yetu ina somo lake pia. Mwaka 1864 Askofu Tozer aliihamisha misheni ya Kianglikana ya UMCA kutoka eneo la mto Shire, ambako mtangulizi wake, Askofu Mackenzie, alikuwa amefariki, akaileta Unguja. Mmisionari David Livingstone hakufurahishwa na uamuzi huo. Lakini huko Unguja mmisionari mwenzake Tozer, Edward Steere, alipata nafasi ya kujifunza Kiswahili kwa kina, na mwaka 1870 akachapisha kitabu chake cha kufundishia lugha hiyo. Misheni iliyoonekana kurudi nyuma ndiyo iliyoweka msingi wa tafsiri ya Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja.

Atatokea wa kusema kwamba hoja hii itawapa wavivu kisingizio. Inawezekana, ingawa mvivu hajawahi kukosa kisingizio. Wanaoumia kwa ratiba hizi ni wale wasiojua kukataa, na zaidi ni familia zao. Katika sura ya saba ya Marko, Yesu aliwakemea Mafarisayo na waandishi kwa kuwaruhusu watu watangaze mali zao kuwa wakfu kwa Mungu ili wasiwatunze wazazi wao. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Mtoto wa darasa la saba anayefanya maswali ya hesabu peke yake kila jioni kwa sababu baba yuko kikaoni, naye ni mmoja wa watu hao wa nyumbani.

Basi mabaraza ya wazee na halmashauri za parokia, yanapopanga viongozi, yaanze kwa kuuliza kila mmoja tayari anabeba nini. Mwenye majukumu mawili asiongezewe la tatu. Kamati iliyomaliza kazi yake ivunjwe, na vijana wanaokaa viti vya nyuma wapewe nafasi wajifunze. Muumini naye, akitajwa jina mbele ya usharika, aombe siku chache, azungumze na mwenzi wake na watoto, asali, kisha ajibu. Jibu likiwa hapana, mchungaji alipokee bila kumnunia.