Eti Hesabu Ina Wenyewe?

Jamani vijana wenzangu wa Mbulu na Hanang, tuache porojo. Hivi nani kasema hesabu ni ya wavulana?

Emmy Noether, Myahudi wa Ujerumani, alipata udaktari wa hisabati mwaka 1907, kisha akafanya kazi Erlangen miaka saba bila mshahara. Huko Göttingen walimkatalia kibali cha kufundisha kwa kuwa ni mwanamke. Mihadhara yake ikatangazwa kwa jina la Hilbert. Nadharia yake ya 1918 wanafizikia wanaiegemea mpaka leo. Mwaka 1933 Wanazi wakamfukuza kwa Uyahudi wake. Einstein alimsifu gazetini Mei 1935, mwenyewe keshazikwa!

Kwetu, Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa hisabati ni Verdiana Masanja. Mlima Hanang tumeuandikia mashairi mangapi, na yeye mangapi?

Binti wa Katesh au Haydom anayeambiwa asubiri mahari hajashindwa hesabu, kanyimwa nafasi. Tangu Novemba 2021 hata aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Basi anayemzuia sasa ni nani, kama si sisi majirani tunaonyamaza? Kalamu tunazo. Tumtetee angali darasani, tusingoje tanzia.